"Ile haiko mie": picha ya mama yangu na mambo ninayoyaamini



Mama anayetengeneza karatasi yetu ya juma aliniomba niandike jinsi masomo yangu ya sanaa yanavyoendelea Lubumbashi. Wengi wenu mlinichangia feza ya safari nilipoondoka, na mtu aliyechangia ana haki ya kuuliza. Nilifikiri nitaandika barua fupi ya shukrani tu. Lakini huu ni mwaka wangu wa mwisho, na kabla ya kuonyesha kazi zetu mbele ya walimu, kila mwanafunzi anaombwa aandike kurasa chache kuhusu mambo anayoyaamini na watu waliomfundisha kuona. Kwa nini unachora unachokichora? Kurasa zangu nimeziandika mara mbili. Za kwanza zilirudishwa. Za pili nimeziandika hapa Mashamba, nyumbani kwa mama yangu, baada ya yeye kukataa picha yangu. Naona afadhali niwaelezee hizo.

Kurasa za kwanza zilijaa majina makubwa. Niliweka wachoraji wa Ufaransa ambao kazi zao nimeziona kwenye simu tu. Niliweka misalaba ya shaba ya bankambo wetu, kwa sababu kila mwanafunzi wa Katanga anaiweka. Niliandika kwamba ninachora "mateso ya mwanamke wa migodini". Mwalimu wangu alisoma, akafunga karatasi, akaniambia kwa upole: "Hawa wote nimewaona. Wewe sijakuona." Nilikasirika kidogo. Basi la kurudi Kolwezi linapita Likasi, ni safari ya karibu kilometa 300, na njia nzima nilikuwa ninajibishana naye kichwani.

Picha yenyewe ilianza hivi. Ninyi mnaijua kazi ya mama yangu, kwa sababu wengine wenu mnaifanya pamoja naye. Wanaume wanatoa mawe shimoni, wamama wanayaponda, wanayachagua, wanayaosha mtoni. Mama yangu anashinda ndani ya maji mpaka magotini, ameinama, anatikisa chujio mpaka udongo uondoke na mawe mazito yabaki. Analipwa kwa mfuko. Kutoka kwenye mifuko ile alinilipia masomo ya chini, masomo ya sekondari, na sasa minerval ya Lubumbashi. Likizo iliyopita nilimfuata mtoni, nikasimama nyuma yake, nikampiga foto kwa simu. Hakugeuka. Sidhani kama alijua.

Niliporudi Lubumbashi nilichora kutoka kwenye foto ile. Picha kubwa, karibu urefu wa mlango: mgongo wa mwanamke, matope mpaka kiunoni, maji ya rangi ya kutu, uso hauonekani. Wenzangu waliisifu. Kwenye maonyesho yetu madogo akapita mgeni mmoja, akasimama mbele yake muda mrefu, akaniambia yuko tayari kutoa dola 250. Akaongeza: kama naweza kumfanyia nyingine nne za namna ile ile, wamama wa matope, atazichukua zote. Wamama, mimi nilikuwa nimebakiza sehemu ya minerval ambayo sikujua itatoka wapi. Usiku ule sikulala, nilikuwa ninahesabu.

Niliomba siku chache nijibu, kwa sababu nilitaka kwanza kumpa mama habari njema uso kwa uso. Nilifika nyumbani jioni. Tulikula bukari na sombe, nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliisogeza karibu na taa, akaiangalia.

"Ni nani huyu?"

"Ni weye, mama."

"Hapana. Ile haiko mie. Ile ni mugongo."

Nikaanza kumweleza mambo ya shule: kwamba mgongo ni alama, kwamba unasimama kwa wamama wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mie niko na uso. Batatundika mugongo wangu mu nyumba yabo, kila mugeni ataingia ataniona nimeinama. Mupaka siku gani? Ile siku njo nililipiya minerval yako. Mbona ile hauikuchora?"

Sikuwa na jibu. Nikamtajia dola 250, na zile nne zingine. Alinyamaza. Kisha akachukua sahani akaenda kuziosha, na habari ile hatukuigusa tena usiku ule.

Kwa siku mbili nilizunguka nyumbani bila kazi, nikawa ninaangalia vitu ambavyo nimeviona maisha yangu yote. Cha kwanza ni picha iliyo ukutani sebuleni, ile aliyoiacha nkambo wangu, mama mzaa mama. Ni mamba muntu: mwanamke mzuri mwenye mkia wa samaki, nywele ndefu, nyoka mwilini. Wengi wenu mlikuwa nayo nyumbani au kwa jirani. Imechorwa kwenye kitambaa cha mifuko ya unga, rangi zimeanza kukatika pembeni. Shuleni tunafundishwa kwamba hiyo ni "sanaa ya watu", na wanafunzi wengine wanaicheka. Mimi pia niliwahi kuicheka.

Lakini kuna jambo nililokuwa nimelisoma bila kulielewa. Katika miaka ya 1970, picha za namna hii zilijaa katika nyumba za wafanyakazi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Wachoraji waliziuza kwa watu wa kawaida, wenye mshahara wa Jekamini, walimu, wauza soko. Watafiti wawili, Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliuliza wenye nyumba kwa nini wananunua. Jibu lilikuwa neno moja la lugha yetu: ukumbusho. Picha nzuri ni ile inayokumbusha. Na watu walikuwa na mpango wao: kuna picha za vitu vya bankambo, kuna za wakati wa wakoloni, kuna za mambo ya sasa. Mgeni akiingia akakuta kwenye ukuta ile ya "Kolonia", mfungwa anapigwa fimbo mbele ya askari, mazungumzo yanaanza yenyewe. Baba anaeleza, watoto wanasikia. Kazi ya picha ilikuwa kufungua mdomo wa watu wa nyumba.

Mchoraji mmoja wa wakati ule, Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, alifika mbali zaidi. Alichora historia ya nchi yetu yote, picha moja baada ya nyingine, zipatazo 100, na kwa kila picha alieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili chetu hiki, maana yake ni nini. Fabian alizinunua, akarekodi maneno yake, na mwaka 1996 akatoa kitabu kuhusu kazi ile. Leo picha zenyewe zinatunzwa Amsterdam, Uholanzi. Nilikuwa ninamheshimu Tshibumba kwa ujasiri wake. Sasa ninamheshimu pia kwa jambo dogo: hakukubali picha iende bila maneno. Alijua kwamba picha ikitoka mkononi mwa watu wake ikiwa bubu, yule anayeipokea ataisemesha anavyotaka.

Nikajiuliza: mgongo wa mama yangu ukifika kwenye ukuta wa yule mgeni, nani atausemea?

Hapa lazima niseme ukweli kuhusu ukoo wangu mwingine, ule wa shule. Sanaa ya kuchora kwenye karatasi na kitambaa, jinsi tunavyoijifunza Lubumbashi, ina historia yake. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana yake Elisabethville, ambayo watu waliiita Hangar. Hakutaka vijana waige picha za Ulaya. Aliwaambia watafute ndani yao wenyewe. Hapo ndipo walipotoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake, Bela Sara aliyechora kwa vidole bila brashi, na Mwenze Kibwanga aliyejaza picha kwa mistari mifupi mifupi kama mtu anayefuma mkeka. Mwaka 1951 Laurent Moonens naye akaanzisha akademia ya sanaa katika mji ule ule. Mimi ni mjukuu wa nyumba hizo na siwezi kuwakana. Ndege wa Pilipili ndio walionifundisha kwamba jani moja linaweza kuchorwa kwa uvumilivu wa siku nzima.

Lakini wengi walionunua kazi za Hangar walikuwa Wazungu, na kazi nyingi ziliondoka nchini. Mamba muntu wa nkambo amebaki. Kwa hiyo Katanga yetu imekuwa na njia mbili: picha za kuondoka na picha za kukaa. Sisemi njia ya kwanza ni dhambi. Mchoraji anakula, na mimi nina minerval. Ninasema tu kwamba nilikuwa nimemchora mama yangu kwa ajili ya nyumba ambayo hataingia kamwe, na sikuwa nimejiuliza kama angeweza kukaa chini ya picha ile katika nyumba yake mwenyewe, akala, akapokea wageni.

Kitu cha pili nilichokiangalia ni nkambo mwenyewe, katika kumbukumbu. Nkambo alikuwa mtu wa Jamaa. Wazee wanakumbuka: Jamaa ilianza hapa hapa kwetu, katika miaka ya 1950, kati ya wafanyakazi wa Union Minière pale Musonoi, pamoja na padri Placide Tempels, yule aliyekuwa ameandika kitabu kuhusu falsafa ya Wabantu. Nkambo na mume wake waliingia pamoja, maana Jamaa haikuwa ya mtu mmoja mmoja, ilikuwa ya bwana na bibi. Mafundisho yake nkambo aliyarudia mpaka uzee wake katika maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maneno ya sala tu. Sasa ninaona ndiyo kipimo nilichokuwa ninakitafuta kwa ajili ya kurasa zangu, na kilikuwa kikikaa jikoni kwetu.

Uzima, kwanza. Nkambo alisema mtu hawi mzima peke yake, anakuwa mzima mbele ya mtu anayemwona. Nikirudi kwenye picha yangu: nilimwangalia mama kwa siku nyingi, mgongo wake niliujua kila mkunjo, lakini yeye hakuniangalia hata mara moja. Nilikuwa nimechukua bila kupokea.

Uzazi. Nkambo hakuliweka neno hili kwenye tumbo tu. Shamba ni uzazi, chungu ni uzazi, neno jema kwa jirani ni uzazi. Jina la kwetu lenyewe linanifikirisha. Tunaitwa Mashamba, na mtu wa mbali akisikia anafikiria mihogo na mahindi. Akifika anaonyeshwa shimo: Mashamba Est, Mashamba Ouest, yale machimbo makubwa ya Jekamini ya zamani. Lakini wamama wa hapa bado wanalima kandokando, bado wanazaa, bado wanasomesha. Katika picha yangu hapakuwa na kitu kinachozaliwa. Palikuwa na matope, na mtu anayezama ndani yake. Mama alipouliza kwa nini sikuchora minerval, alikuwa anauliza jambo lile lile: matunda yako wapi?

Mapendo. Hili ndilo gumu, kwa sababu nilidhani nimelitimiza. Nilimchora mama kwa kumpenda na kwa kuona uchungu. Lakini huruma inaweza kumwinamisha mtu zaidi ya alivyoinama mwenyewe. Yeye anainama saa za kazi. Mimi nilimwinamisha milele.

Mtu wa tatu aliyenisaidia hayuko mbali. Sammy Baloji, mpiga foto aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua foto za zamani za wafanyakazi wa migodi, zile zilizopigwa wakati wa ukoloni, akawatoa humo na kuwasimamisha mbele ya majengo ya Jekamini yaliyochakaa leo. Kazi ile inaitwa "Mémoire", ni ya mwaka 2006. Nilipoiona mara ya kwanza niliona ufundi wa kuunganisha foto. Nilipoiona tena mwaka huu niliona wale watu wanaokuangalia. Walipigwa foto bila kuulizwa, kama mama yangu mtoni, wengine wakiwa wamepangwa mstari kama vyombo vya kazi. Baloji hakuweza kuwaomba ruhusa, wengi wameshakufa. Alichoweza ni kuwarudisha mahali walipojenga, wakatuangalia sisi, tukashindwa kukwepa. Mimi sina kisingizio hicho. Mama yangu yuko hai, na anaishi chumba cha pili.

Siku ya tatu nilimwomba radhi. Kisha nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: "Mama, unataka nikuchore namna gani?"

Alicheka, akasema hana kazi ya mchezo. Lakini siku ya yenga, baada ya ibada, nikamkuta ameketi uani kwenye kiti kidogo. Alikuwa amevaa kikwembe cha tarehe 8 Marsi, kile mlichonunua pamoja. Beseni la kazi alikuwa ameliosha, akaligeuza chini juu kando ya miguu yake. Na mkononi alishika kaye yake. Ninyi mnaijua kaye ile: ya bluu, pembe zimekunjika, ndani ameandika kila mfuko aliouosha, siku, kilo, bei aliyolipwa, na bei waliyomwambia kwanza kabla ya kupunguza. Kuna ukurasa wa kilo alizopima mwenyewe na ukurasa wa kilo walizosema wanunuzi, na mara nyingi havifanani. Mama hakumaliza masomo ya msingi, lakini hesabu zake hazina kosa.

"Chora na kaye," akasema. "Na namba zionekane. Mie ni mwenye kuhesabu."

Shuleni tulifundishwa kuhusu lukasa ya Waluba, ubao mdogo uliopigwa shanga, ambao wenye elimu ya ukoo waliushika kwa mkono wa kushoto na kuusoma kwa kidole cha mkono wa kulia, shanga kwa shanga, wakisimulia wafalme na safari na mipaka. Nilikuwa nimeuchora mara nyingi kama pambo. Nilipomwona mama anapitisha kidole kwenye mistari ya kaye, akisoma "hii ilikuwa mvua nyingi, hii ulikuwa na malaria, hii njo feza ya valizi yako", nilielewa lukasa ni nini. Bila mwenye kusoma, ni ubao tu.

Aliketi mbele yangu siku sita, kila jioni saa moja hivi. Tulizungumza kuliko tulivyowahi kuzungumza. Alinisimulia siku nkambo alipompaka pemba nyeupe usoni baada ya mimi kuzaliwa, na kwa nini. Kwa hiyo nyeupe ya picha hii ni pemba, ile ya sokoni. Nyeusi ni makala yaliyosagwa. Nyekundu ni udongo wa kichuguu, ule ule ambao bankambo walijengea tanuru za kuyeyushia shaba.

Kuhusu kijani, niwaambie jambo kwa sababu lina faida kwa nyumba zetu. Zamani nilikuwa ninasaga lile jiwe la kijani, malakiti, kupata rangi. Mwalimu alinikataza kwa ukali. Vumbi la mawe yetu si la kuvuta: yana shaba, yana kobalti, na mengine ya huku yana hata urani. Kijani cha picha hii nimekinunua dukani. Na tangu siku ile tumekubaliana nyumbani kwamba mifuko ya mawe hailali ndani, nguo za kazi zinafuliwa peke yake, na wadogo zangu hawachezei mabaki ya kupondwa. Nawaomba na ninyi.

Kitambaa kipya sikuwa na feza ya kununua. Niliirudisha ile picha ya mgongo kutoka Lubumbashi, nikaipaka nyeupe, nikamchora mama juu yake. Kwa hiyo mwanamke aliyeinama bado yuko chini. Mama anajua. Alisema ni sawa, kwa sababu ni kweli pia aliinama; alichokataa ni kuonekana hivyo tu.

Yule mgeni nilimwandikia kwamba picha haipo tena. Nilimweleza ile mpya, na nikamtumia foto yake. Alijibu kwa adabu kwamba ni nzuri, lakini haina nguvu ile ya kwanza. Hakuinunua. Sitaki kuwadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Dola 250 nilizikataa kwa mkono wangu, na zile nne zingine pia, na kuna asubuhi niliamka nikijiona mjinga. Nilimwambia mama wazi kwamba bado ninaweza kuchora mgongo mwingine, usio wake, nikauza. Akauliza: "Mugongo wa mama ya nani?" Tukaishia hapo.

Ninyi wa likelemba mnakumbuka mama aliwaomba apokee zamu yake mapema mwezi uliopita. Wengine mlinung'unika kidogo, na mlikuwa na haki, maana hakusema sababu. Sababu ndiyo hii. Feza ile ilikuwa ya mabati ya jikoni. Ilikwenda kwenye minerval yangu, na jiko letu litapokea mvua msimu mwingine. Nimemwahidi mabati kutoka kazi yangu ya kwanza nitakayoiuza, na sasa nimeahidi mbele yenu wote, kwa hiyo hakuna njia ya kukimbia.

Kurasa za pili nimezimaliza jana. Ni fupi kuliko za kwanza. Nimeandika kwamba ninaamini picha ni ukumbusho, na kwamba mwenye ukumbusho ni yule anayekumbukwa, si mimi niliyeshika brashi. Nimeandika kwamba kabla ya kuchora mtu aliye hai nitamwuliza anataka kuonekana namna gani, hata kama jibu lake litaharibu picha niliyoiona kichwani. Nimemtaja Tshibumba, Pilipili, Baloji, na wachoraji wa mamba muntu ambao hawakuweka jina. Juu yao wote nimemweka nkambo na maneno yake matatu, na mama na kaye yake. Sijui walimu watasema nini. Mmoja anaweza kuona kwamba picha ya mama aliyeketi ni ya kizamani, kama foto ya studio. Labda ni kweli. Foto za studio zilipendwa kwa sababu mtu aliingia mle amevaa vizuri, akachagua mwenyewe jinsi ya kukaa.

Jambo moja la mwisho, na hili si la wasanii tu. Siku hizi watu wengi wanafika mtoni na kwenye karieri na simu na kamera: waandishi, watu wa mashirika, wapita njia, na sisi watoto wenu. Wengi wana nia njema. Lakini mna ruhusa ya kunyoosha mgongo na kuuliza: foto hii ni ya nani, itakaa wapi, na utaandika nini chini yake? Mna ruhusa ya kusema ngoja nifunge kitambaa. Mna ruhusa ya kusema hapana.

Picha itabaki nyumbani kwa mama mpaka siku ya yenga ijayo, kisha inapanda basi. Njooni muione kabla haijaondoka. Mama ataketi chini yake na atawasomea kaye, mkipenda. Na kama kuna mmoja wenu anayetaka kuchorwa, aje na kile kitu ambacho angependa kukishika mkononi. Chai itakuwepo. Mvua ikinyesha tutakaa sebuleni, kwa sababu jiko, mnajua.

Mungu awalinde nyote na nyumba zenu.